Moto Uliolala Chini ya Udongo

Moshi wa majani makavu haunishtui. Unaonishtua, msomaji wangu, ni ule wa udongo unaoungua: mzito, wenye ukali kama wa chai iliyokaukia sufuriani. Nikiusikia tu uso hunipata moto, nami narudi Tooting, mtaa wa ughaibuni tulikoishi, kiangazi kile cha ukame, nikiwa bado msichana wa shule ya msingi.

Jumapili ile, baada ya ibada, baba alitupeleka mimi na mama kwenye uwanda wa wazi karibu na kwetu. Kulikuwa na kibonde chenye nyasi zilizokauka na udongo mweusi, laini kama unga wa kahawa. Hapo akawasha mkaa kuchoma mbuzi. Kibao cha kukataza moto kilikuwa pale pale. Nilimsomea.

"Hicho ni cha walevi," akasema.

Tulipomaliza kula aliyafukia makaa, akayakanyaga kwa madaha kana kwamba yuko ngomani kwao Dodoma. Mchanga ndio dawa ya moto, alizoea kusema.

Kesho yake moshi ulitanda mitaani, ukavuka barabara kuu hadi eneo la halmashauri ya jirani, maana moshi haujui mpaka. Bibi Shanta, Mhindi mzaliwa wa Kisumu tuliyepakana naye ukuta, alikuwa na pumu. Tulimkuta dirishani akihema, pampu yake mkononi.

"Mjinga gani huyu ameleta moto?" alituuliza.

Mama alikuwa zamu hospitalini, kwa hiyo baba alinishika mkono, tukarudi uwandani wawili. Wazima moto walikuwa wakichimba kibondeni. Mwali haukuonekana hata mmoja, ila kila walipochimba, moshi ulitokea pengine.

"Dad, twende," nikamnong'oneza. "Hawajui ni sisi."

Akauachia mkono wangu. "Moto huu ni wangu," akamwambia mwanamke aliyekuwa akiwasimamia. "Niliufukia."

Yule msimamizi alimtazama kwa uchovu. "Huu si mchanga. Ni mimea iliyooza tangu enzi na enzi. Ikikauka, yenyewe ni kuni. Ukifukia makaa humu unayalaza tu. Ungemwaga maji mpaka makaa yapoe. Bora zaidi, usingewasha."

Watu waliokuja kutazama wakatugeukia. Mmoja akatupiga picha. Nilitamani ardhi ile ile inimeze.

Tuliporudi, baba hakuingia kwetu. Aligonga kwa Bibi Shanta.

"Shikamoo, mama. Ule moto ni mimi."

Bibi alikohoa, akamkazia macho, akafunga mlango polepole.

Hakutusalimu tena mpaka baridi ilipoingia. Yeye ndiye aliyekuwa akiniletea kachori, na nilimchukia baba kwa kuniponza: angenyamaza, nani angejua? Nilidhani aibu ni kuonekana tu. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba baba alijua salamu zile zitakatika, na alilijua hilo kabla hajagonga.