Chombo Kilichobaki Chini ya Shamba la Nabwile

Saa mbili asubuhi, katika karakana moja nje kidogo ya mji wa Kitale, Linet Chesang anawaambia wenzake wasimame nyuma ya ukuta wa zege. Anateremsha bomba la chuma, refu kuliko yeye, kwenye shimo la majaribio, kisha anaikodolea macho skrini. Mstari unapanda, unatetemeka, unakatika.

"Imekufa tena," anasema, na kuketi juu ya ndoo.

Chesang, 41, hutengeneza vyombo kama hilo bomba, vya kupima uzito wa miamba ndani ya visima. Chombo hurusha mionzi mwambani na kuhesabu inayorudi. Mwamba mzito humeza mionzi mingi; ule wenye nyufa, ambamo maji hukaa, huirudisha kwa wingi.

Mwaka juzi alikipeleka chombo chake cha kwanza Ndalu, Bungoma, kwenye shamba la Wilkista Nabwile. Majirani walikuwa wamechanga kanisani wakachimbiwa kisima, maana maji ya mto yalikuwa yakiwaumiza matumbo. Maji yalipatikana. Chombo kikiwa kinapandishwa, ukuta wa kisima ukaporomoka. Walivuta kutwa nzima, kebo ikakatika. Chombo kikabaki chini, na ndani yake kidonge cha madini yanayotoa mionzi.

Amri ikatoka serikalini: kisima kijazwe saruji. Chesang ndiye aliyemwendea mwenye shamba.

"Si mlisema maji iko?" Nabwile alimuuliza.

"Iko, mama. Lakini tumeacha sumu hapo chini. Leo haijavuja. Kesho, siwezi kukuapia."

"Sasa turudi kwa mto?"

Saruji ilimiminwa wanawake wakitazama, mitungi yao mitupu mikononi.

Mvua zilizofuata zilikuja na kipindupindu. Phelista, mjukuu wa Nabwile mwenye miaka minne, alikata roho akikimbizwa hospitalini. Chesang alikwenda mazishini akitarajia kufukuzwa.

"Walinipa kiti, wakaniletea chai," anasema, akijifuta mikono ambayo tayari ni mikavu. "Afadhali wangenitukana."

Aliacha kazi, akajifungia nyumbani miezi kadhaa. Aliporudi kazini, alikataa katakata kugusa vyombo vyenye madini. Anachokijaribu sasa hutoa mionzi kwa nguvu za umeme. Ukikata umeme, mionzi inakoma. Hata kikinaswa, hakiachi sumu. Ila kioo chake cha ndani hupasuka kila mara kwa joto, na mwajiri amesema hatasubiri kupita mwaka huu.

"Ikikubali, nataka ishuke kwanza Ndalu, kwa kisima kipya," anasema. "Lakini kumwomba yule mama, bado naogopa."

Mwandishi wetu alimkuta Nabwile akipanda kutoka mtoni. Alitua mtungi, akavuta pumzi, akasikiliza habari za chombo kipya kinachozimika.

"Mwambie akuje," alisema. "Si yeye alileta ugonjwa. Lakini hiyo chombo yake, nitaizima mimi mwenyewe na hii mkono yangu, nione imezimika."