Ajenti Eksklizifu

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na nasema mapema ili msije mkashangaa. Lakini siku ile mkuu wa asiransi, kampuni ya bima, alipochuchumaa mbele ya viatu vyangu akasema anatafuta ajenti, hasira zote ziliniisha. Nilikuwa nimekaa sokoni, upande wa Murara, jua linanichoma utosi, nauza viatu vya mitumba. Ulikuwa mwaka wangu wa nne pale. Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu katika mji wa Kiwanja, darasa la tatu, na watu wote, hata wazee wenye umri wa baba yangu, waliniita madamu. Vita vikatushusha Goma, mimi na mama yangu, tukapanga chumba mtaa wa Katoyi, na toka siku hiyo nikawa mama wa viatu. Sitadanganya, jina hilo liliniuma.

Yule mkuu, papa kama tunavyowaita wanaume wa heshima, alikuwa amekuja wiki moja kabla kumtafutia mkewe viatu, namba thelathini na tisa, vyeusi, vya kisigino kifupi. Sikuwa navyo. Nikafanya kama tunavyofanya sisi wote pale: nikamwomba jirani achunge meza yangu, nikampeleka mwenyewe mpaka kwa mwenzangu wa safu ya nyuma aliyekuwa navyo. Kwetu huo si wema, ni kazi tu. Leo mimi nakuletea, kesho wewe unaniletea. Muuzaji akimwambia mteja "haiko" kisha akakaa kimya, tunasema ana roho mbaya, na haipiti siku nyingi utaona hakuna anayemletea mteja.

"Mutu kama wewe ndiye natafuta," akaniambia. "Watu wanakuamini. Tutakuweka ajenti eksklizifu."

Sasa hilo neno. Hapa mjini kila duka la nguo za harusi limeliandika juu ya mlango: modeli eksklizifu, gauni eksklizifu. Maana yake kitu cha pekee, cha watu wa heshima, ambacho huwezi kukutana nacho kwa jirani. Basi nami nikajiona gauni la harusi. Nilirudi Katoyi kwa miguu, na nadhani nilitabasamu njia nzima kama mjinga.

Mama yangu hakungoja hata nikae vizuri. Jumapili ile, wakati wa shukrani kanisani, alisimama na fimbo yake akasema, "Imana ishimwe, Mungu asifiwe. Mutoto wangu amechaguliwa ajenti eksklizifu." Nusu ya watu hawakujua ni nini, lakini wote walipiga makofi. Tulipotoka mlangoni, mke wa mchungaji akanishika mkono, akaniita madamu. Miaka minne sikuwa nimesikia mtu akiniita hivyo bila kunicheka. Nilienda kusimama pembeni kidogo, nikajifanya nafunga kitambaa cha kichwa, kwa sababu machozi yalikuwa yanakuja.

Mafunzo yalikuwa ya wiki moja, kwenye biro, yaani ofisi yao. Viti vya mto, feni, chai saa nne. Aliyetufundisha ni papa yule yule, na niseme ukweli, alikuwa mwalimu mzuri kuliko mimi. Alitukataza kumuuliza mtu, "Ukikufa, nani atapata?" Tuseme, "Kama jambo linatokea, ungependa nani asaidiwe?" Kulikuwa na muzee mmoja kati yetu, mchungaji aliyestaafu, ambaye kila kitu alitaka kielezwe mara tatu. Papa alikieleza mara tatu, na mara ya tatu alikuwa mpole kuliko ya kwanza.

Siku ya tatu tukafika kwenye mambo ambayo asiransi yao hailipi. Volkano, hapana. Vita, hapana. Muzee mchungaji akavua miwani. "Sasa shefu," akauliza, "hapa Goma, inabakia nini?" Tulicheka mpaka papa naye akacheka. Kisha akajibu bila mzaha: "Inabakia moto wa jiko, mwizi na ajali. Na hizo nazo zinaumiza watu, muzee." Nilimpenda kwa jibu hilo.

Ijumaa ilikuwa siku ya kutia saini kontra, mkataba wa kazi, na kila mmoja alipaswa kuja na mteja wake wa kwanza. Mimi nilimleta jirani yangu wa sokoni, muuza maharagi, yule anayenichungia meza. Maharagi yake yanatoka Kiwanja kwa kamyo kubwa ya mizigo. Msimu uliopita kamyo ilipinduka njiani, magunia yakamwagika kwenye matope, na mwenzangu huyo alikaa karibu mwezi mzima mezani pake bila kitu cha kuuza, anakuja tu kwa sababu hakuweza kukaa nyumbani. Nilipomwambia habari za asiransi alinisikiliza kuliko mtu yeyote. Alikuja amevaa kitenge cha kanisani. Karte yake ya elekta, kadi ya mpiga kura, alikuwa ameshaitoa kwenye mkoba kabla hata hatujaombwa.

"Mimi nataka ya magunia yangu yakiwa njiani," akasema.

Nikapekua karatasi zetu. Kulikuwa na ya maisha, ya nyumba, ya moto, ya gari, ya afya. Ya mzigo njiani haikuwepo. Nikamwambia bila hata kuwaza, "Hapa haiko. Lakini asiransi ile nyingine, wale wa ng'ambo ya barabara, wako nayo. Njoo nikupeleke." Nilikuwa nimeshasimama, kikapu chake mkononi mwangu.

Papa akakohoa. Akaniomba tutoke kidogo kwenye korido.

"Mama, hapana. Wewe uko eksklizifu."

"Ndiyo, papa. Aksanti."

Akaniangalia. Akaelewa kwamba sikuelewa, na nadhani alinionea aibu kuliko nilivyojionea. "Maana yake uko wetu peke yetu," akasema polepole, kwa ile sauti ya mara ya tatu. "Unauza karatasi zetu tu. Kama sisi hatuna, nawe hauna. Hauwezi kumutuma mutu kwa wengine."

"Hata kama wako na kile anatafuta?"

"Zaidi sana kama wako nacho."

Kumbe halikuwa gauni. Ilikuwa kamba ya mbuzi. Nilisikia masikio yangu yakiwaka moto, nikawaza mama yangu amesimama na fimbo mbele ya kanisa zima akishukuru kwa ajili ya kamba.

"Umuuzie ile ya moto, ya kibanda," papa akasema.

"Kibanda chake ni meza na mwavuli."

Akagusa baji kifuani pake. Kisha akaniambia: "Kampuni inakufundisha, inakupa kiti, inakupa jina lake uvae kifuani. Inaomba kitu kimoja tu, usipeleke watu inje. Si haki, mama?" Ilikuwa haki. Angekuwa mwizi au mlaghai, ningemfokea nikaondoka na raha zangu. Lakini alikuwa mtu mzuri anayesema jambo la haki, na mimi nilitaka kile kiti. Nilikitaka vibaya sana.

Nikamwomba dakika tano. Nikasimama kwenye ile korido nikajaribu neno mdomoni: haiko. Neno dogo, tena la kweli. Hakuna ambaye angesema nimedanganya. Jirani yangu angerudi na karte yake, na mimi ningebaki madamu.

Niliporudi ndani, alikuwa hatazami karatasi zilizojaa mezani. Alikuwa ananitazama mimi. "Umepata?" akauliza, kwa sauti ya mtu ambaye hana wasiwasi wowote. Nikashindwa kulisema. Nikamwambia achukue karte yake, na tukavuka barabara. Kontra yangu niliiacha pale pale, kalamu juu yake.

Mama yangu nilimweleza jioni hiyo hiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Juu ya maharagi?" akauliza.

"Juu ya maharagi, mama."

"Na kanisani nitasema nini?"

Nikamwambia aseme nimekataa. Akageukia ukuta, na siku mbili hakunisemesha. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nililia nyuma ya nyumba, tena si kidogo, nikijiita majina ambayo mwalimu hapaswi kuyajua. Na ili mujue kwamba sijisifu: maharagi ya msimu ule yalifika yote, hakuna gunia lililopotea, na jirani yangu alininung'unikia wiki nzima kwamba nimemfanya anunue karatasi ya bure. Nilimfokea mpaka safu nzima ya soko ikageuka kututazama. Kesho yake akanichungia meza kama kawaida.

Ilipita miezi kadhaa. Siku moja papa wa asiransi akaja tena, amevaa shati lake jeupe, baji kifuani. Nilidhani anataka viatu. Akachuchumaa, akachukua kimoja, akakigeuzageuza bila kukitazama. Akaniambia mkewe ameanza biashara, anateremsha viazi toka upande wa Kiwanja, na toka kamyo inapoondoka mpaka inapofika, yeye hawezi hata kula.

"Ile asiransi ya njiani," akasema. "Yenye yule mama alipata. Wanaombaka nini?"

Nikafikiri ananitania. "Papa, ni ng'ambo ya barabara. Unaweza kuwaona toka dirishani kwako."

"Najua," akajibu. Akakirudisha kiatu mahali pake, akakinyoosha kikae sawa na mwenzake. "Lakini mule ndani mwao wananijua. Na mimi pia niko eksklizifu."

Miezi yote ile nilikuwa nakionea wivu kiti cha mtu huyu. Nikamwambia aniandikie jina la mke wake, nitaenda mimi kuuliza. Akaandika kwenye kipande cha karatasi, akanitazama mpaka nikakikunja, kisha akaniomba nisimwambie mtu.