Mvua Ilipokata Mtandao wa Shamba la Maua

Siku yangu ya kwanza kazini kama fundi wa kompyuta, Mhasibu Mkuu alinipeleka kwenye chumba cha seva, akanionyesha kompyuta kubwa inayohudumia nyingine zote. Nilikuwa binti wa Machame niliyepanga chumba Kaloleni. Kampuni ilikuwa ya maua, mali ya mwekezaji aliyekuja wakati wa soko huria. Ofisi ilikuwa mjini, shamba chini ya Mlima Meru.

Baadaye wezi walibeba kompyuta za shambani na hesabu zote zilizokuwamo. Mhasibu Mkuu akataka kila kitu kikae kwenye seva mjini. Karani wa shambani angeona kwenye kioo cha kompyuta yake picha tu ya kazi inayofanyika ndani ya seva, na mwizi asingepata kitu. Lakini njia hiyo haiendi bila mtandao, na wetu ulipita angani, mnara kwa mnara.

Mimi nilitaka seva itume programu yenyewe, ikiwa imefungashwa na kila inachohitaji, ifanye kazi ndani ya kompyuta ya karani bila kusakinishwa. Mtandao ukikatika angeendelea, na ukirudi hesabu zingekuja mjini. Tulibishana mpaka Mkurugenzi akatuambia twende shambani tukajionee.

Tulimkuta Mama Anaeli, karani wa usafirishaji, akijaribu mfumo wa Mhasibu Mkuu. Mvua ikashuka kutoka mlimani, kioo kikaganda. Nje lori la uwanja wa ndege lilikuwa linaunguruma, likingoja hati za mzigo. Mhasibu Mkuu akamuuliza hali ikiwa hivyo huwa anafanya nini.

“Nasubiri, mzee,” alisema. “Maua ndiyo hayasubiri.”

Siku hiyo ndege iliondoka bila mzigo wetu. Tukiwa njiani kurudi, Mhasibu Mkuu alinigeukia tulipopita Tengeru.

“Mjini tubaki na seva. Shambani weka programu zako. Lakini wakiiba tena, utakuja kuniambia wewe mwenyewe.”

Waliiba tena. Nilipanda ngazi za ofisi yake, nikamweleza kwamba kompyuta zimekwenda na kazi ya asubuhi moja, ambayo haikuwa imefika mjini, imepotea. Akavua miwani.

“Maua yaliondoka?”

Nikamjibu kwamba yaliondoka. Akavaa miwani, akaendelea na kazi yake.

Sasa nimestaafu, nakaa kata ya Sokon I. Vijana wa fani hii huja kuniuliza ipi ni bora kati ya njia zile mbili. Huwa nawaambia waende kwanza wakakae na karani, siku ya mvua.