Maoni ya Zadock Amolo

Kwa watu wa ufuoni mwa ziwa karibu na Kisian, mwiba wa samaki ukikukwama kooni huendi hospitali. Unamegewa tonge kubwa la ugali, unalimeza bila kutafuna, nao mwiba unashuka nalo. Ndivyo Agneta alivyolelewa, na ndivyo alivyomfanyia mumewe, Zadock Amolo, fundi wa mashua, alipoanza kulalamika kwamba chakula kinasimama katikati ya kifua.

"Samaki amelipiza kisasi," jirani yao Okello alicheka. "Omera, rafiki yangu, umekula ndugu zake wangapi?"

"Wote waliokuponyoka wewe," Zadock akajibu, akameza tonge lingine huku machozi yakimtoka.

Miezi minne Agneta alifinyanga matonge. Yalipokataa kupita aliyafanya madogo, akayalainisha kwa mchuzi, mwisho ikawa uji mtupu. Zahanatini muuguzi alimwambia Zadock afungue mdomo, akammulika kwa tochi, hakuona kitu, akampa dawa ya kiungulia. Kifaa cha kutazama chini zaidi hakikuwapo, wala mtu wa kukitumia. Walipofika hospitali kubwa, daktari alisema ni saratani ya njia ya chakula, tena imekomaa. Foleni ya tiba ya mionzi ilimpa tarehe ya miezi sita mbele.

Mwezi wa pili wa kungoja, chifu alitangaza kikao mjini Kisumu: wananchi watoe maoni juu ya sera ya taifa ya saratani. Zadock, aliyebaki na sauti ya kunong'ona, alimwita mkewe.

"Nenda wewe. Waambie zahanati za huku ziweze kutazama koo. Na foleni ya mashine ifuate ugonjwa, isifuate pesa."

Alimfanya ayarudie maneno hayo mara tatu, kama mtoto anayefundishwa aya ya Jumapili.

Ukumbini Agneta alisimama, akayasema yote. Kisha, bila kukusudia, akaongeza: "Mimi ndiye niliyekuwa nikimpa matonge."

Mwenyekiti, mama mpole wa miwani, alimaliza kuandika ndipo akainua kichwa.

"Pole sana, Mama. Pendekezo lako ni zuri. Tumeliingiza."

"Litaanza lini?"

"Rasimu iende Nairobi, ipitishwe, itafutiwe bajeti. Miaka mitatu hivi, Mungu akijalia."

"Na huyu wangu?"

Mwenyekiti alivua miwani. "Kikao hiki, Mama, hakina uwezo juu ya mgonjwa mmoja."

Nyumbani Zadock alikuwa ameketi kitandani akimngoja. "Wameandika?"

"Wameandika."

"Itaanza lini?"

Angeweza kumdanganya. Lakini miaka ishirini na sita ya ndoa hakuwahi, na hakujua aanzie wapi. "Miaka mitatu," alisema.

Zadock akaitikia kwa kichwa, akageukia ukutani. Tangu siku hiyo hakuuliza tena habari ya tarehe yake. Jumapili kasisi alipomletea Ushirika, alifumba mdomo.

Alizikwa wiki saba kabla ya siku ya mionzi. Waombolezaji walimwambia Agneta kwamba Mungu hakosei, naye hajawahi kuwabishia. Ila kila asubuhi akisali Baba Yetu, akifika penye mapenzi yako yatimizwe, ulimi unagoma. Anaparuka hapo, anaendelea na yaliyobaki.