Koti Jeupe Lililokataa Kukauka

Mume wangu Ndambuki amewabebea watu nyama kwa miaka kumi na tisa. Kabla ya hapo aliendesha lori la maziwa, na kabla ya lori alikuwa utingo wa basi la kwenda Kitui. Katika miaka hiyo yote sikuwahi kumsikia akisema amechoka. Alisema hivyo mwaka huu, mwezi wa saba, akiwa na miaka sabini na mmoja, ameketi kwenye ngazi ya mlango wetu hapa Kaloleni, Nairobi.

Kazi yake ni hivi. Kila siku isipokuwa Jumapili huenda machinjioni Dagoretti alfajiri, anapakia nyama katika sanduku la bati nyuma ya pikapu, anaipeleka soko la Burma kwenye bucha ya Haji, anayeuza na kuchoma nyama. Saa sita huwa nyumbani. Mbeba nyama lazima avae koti jeupe, na koti hilo ni langu kulifua kila siku. Miezi ya baridi jua halionekani, kwa hiyo nina mtindo wangu: akifika tu, nalifua, nalikamua, nalitandaza juu ya boneti. Joto la injini hulikausha kabla hajamaliza kula.

Mwezi wa tano injini ya zamani ilichemka njiani, nyama ya Haji ikiwa ndani, ikafa hapo hapo. Nyama ikaharibika. Ndambuki hajawahi kuisahau aibu ya siku ile. Alitafuta injini nyingine iliyotumika Japani, na Phares, fundi wetu wa Shauri Moyo, akaifunga.

"Mama Kaluki, njoo uone," Ndambuki aliniita siku ya kwanza, akinionyesha sindano ya joto kwenye dashibodi. "Nimetoka Dagoretti na haijapanda hata kidogo. Hii haichemki ng'o!"

Tulifurahi kama wajinga.

Wiki mbili baadaye furaha ikaisha. Petroli ya Jumatatu iliyokuwa ikifika Alhamisi sasa iliisha Jumanne. Halafu harufu ya petroli. Ilitoka kwenye bomba la moshi, ikaingia kwa mlango wa sanduku ambao raba yake imezeeka, ikashika nyama. Koti nalo lilinuka hata baada ya sabuni mara mbili.

Pale Burma mteja mmoja alinusa mbavu zake akapaza sauti, "Haji, siku hizi unachoma kwa petroli? Makaa yamekuwaje?" Watu wakacheka. Haji hakucheka. Alimvuta mume wangu kando.

"Mzee wangu, mimi na wewe tumetoka mbali. Lakini nyama ikinuka tena Jumamosi, nitampa mtu mwingine kazi. Usinilaumu."

Phares alijaribu. Alitoa plagi akazikuta nyeusi kama chungu, akaweka mpya. Akakagua paipu zote za petroli, hazikuvuja. Akabadilisha pampu, akasafisha nozeli, akabadilisha sensa ya moshi. Kila jioni alisema, "Sasa mzee, hapo nimeimaliza." Kila asubuhi harufu ilikuwa palepale.

Alhamisi Ndambuki alirudi akaketi kwenye ngazi bila kuvua viatu.

"Nimechoka, Mama Kaluki," akasema. "Hili gari niliuze nikae tu."

Nilichukua koti, nikalifua, nikalitandaza. Alipomaliza kula nililigusa: lilikuwa bichi, linadondosha maji. Halikuwa jambo jipya. Tangu mwezi wa sita lilikuwa halikauki, nami nilidhani ni mikono yangu, haikamui tena kama zamani. Sikumwambia mtu. Lakini siku ile niliweka kiganja kwenye boneti yenyewe. Ilikuwa vuguvugu, kama uji uliosahauliwa. Na gari limetoka mbali, Dagoretti!

Ijumaa nilikwenda naye gereji.

"Phares," nikasema, "injini hii haina joto. Koti halikauki."

"Ai, mama! Sasa tunapima gari na nguo za kufua?" Vijana wa gereji wakaangua kicheko.

"Cheka, ukimaliza uguse."

Aligusa boneti. Akagusa paipu nene ya maji inayoingia kwenye rejeta. Haikuwa na moto. Aliishika muda mrefu, kicheko kikamwisha.

"Ulipoifunga, ulitoa nini humo ndani?" nikamuuliza.

"Thamostati tu, mama. Kile kidude kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Sisi huzitoa zote. Hizo ni za nchi za theluji. Na mzee mwenyewe alikuwa anaogopa kuchemka..."

Aliketi juu ya tairi akatueleza polepole, nadhani akijieleza mwenyewe. Injini hii ina kompyuta. Ikiwa baridi, kompyuta huimwagia petroli nyingi. Ikipata moto, inapunguza. Yetu haikupata moto hata siku moja. Kompyuta ilidhani ni alfajiri mchana kutwa, ikawa inaimwagia tu, na ile isiyoungua ikatoka na moshi.

Ndambuki alitazama chini. "Na mimi nilikuwa naisifu ile sindano," akasema.

Thamostati ilikuwa bado ipo, ndani ya mkebe wa majani ya chai pamoja na bolti za zamani. Phares aliijaribu kwenye sufuria ya maji ya moto, ikafunguka, akairudisha mahali pake. Tulipotoka, sindano ilipanda hadi katikati. Ndambuki aliikodolea macho njia nzima, lakini haikupita hapo.

Jumamosi nilikwenda naye hadi Burma, ingawa sikualikwa. Haji alifungua sanduku akaingiza kichwa chote ndani. Alikaa humo hadi nikaanza kuhesabu mabati ya paa. Akatoka.

"Inanuka ng'ombe," akasema. "Jumatatu usichelewe."

Nyumbani nilifua koti, nikalitandaza. Ndambuki alisinzia kwenye kiti kabla hajafika nusu ya sahani, viatu miguuni. Nilipotoka nje koti lilikuwa limekauka, limekauka kabisa, likinuka sabuni tu. Nililikunja nikaliweka mapajani pake.

Sikumwamsha. Jumatatu si mbali.