Firigisi ya Mkwe

Homa ilininyang'anya pua, halafu ikanirudishia ikiwa imeharibika. Mwanzoni sikusikia harufu yoyote, nikasema si neno, choo cha ploti yetu hapa Shirere nani atakikosa? Baadaye harufu zikaanza kurudi, lakini zote za uongo. Kitunguu kikikaangwa, mimi nasikia panya aliyeoza darini. Kahawa ilikuwa mpira unaoungua. Na kuku, Mungu anisamehe, kuku alikuwa mbaya kuliko vyote.

Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai. Siku moja niligonga mlango wa jirani nikamfokea kwamba anamwaga uchafu chini ya dirisha langu. Alifungua akiwa na mwiko mkononi. Alikuwa anakaanga vitunguu vya sukuma wiki. Akaniangalia toka juu hadi chini, akasema, "Pole, mwalimu. Sikujua chakula chetu kinakunukia." Mpaka leo napita pale mlangoni nikiangalia viatu vyangu.

Daktari alinieleza kwamba mishipa ya kunusa ilijeruhiwa na sasa inaota upya, ndiyo maana inatuma habari za uongo. Nivumilie. Nikavumilia kwa ndizi na ugali uliopoa. Lakini sikumwambia mtu, hata mchumba wangu. Ningeanzia wapi? Mluhya anayekimbia kuku ni Mluhya gani? Akinikaribisha chakula nilisema nimefunga, mpaka akaanza kuniona mtu wa maombi sana.

Basi ikafika siku ya kwenda kwao, upande wa Bukura, kujitambulisha. Kwetu, mkwe akichinjiwa kuku, firigisi huwekwa kwenye sahani yake. Ukiila, umeikubali ile nyumba. Ukiiacha, umemwacha msichana, na hakuna atakayekuuliza sababu. Nilijua hayo tangu utotoni. Njia nzima nilijiambia nitaziba pumzi, nitameza kama dawa, yaishe.

Waliniketisha kando ya nyanya ya mchumba wangu, kukhu, mwanamke mzee aliyenishika mkono na kutangaza kwamba mimi ni mume wake, mjukuu angoje zamu yake. Watu walicheka. Nami nilikuwa nacheka, mpaka sahani zikaletwa.

Mvuke ulinipiga usoni. Nilisikia mzoga. Firigisi ilikuwa pale juu, inang'aa kwa mafuta, na baba mkwe alikuwa ameacha kuongea ili anitazame. Mchumba wangu alisimama mlangoni na jagi la maji, anatabasamu. Niliiinua hadi mdomoni. Mate yakanijaa, nikajua nikiingiza kitu hiki nitatapika mbele ya wakwe zangu, juu ya kitambaa cheupe walichokitandika kwa ajili yangu.

Mkono ulikwenda wenyewe. Niliiweka kwenye sahani ya kukhu.

Mila iliwakataza wanawake wa rika lake kula kuku tangu wakiwa wasichana, sembuse firigisi. Sahani yake ilikuwa na ugali na mboga tu, kama siku zote. Mjomba mmoja alikohoa. Baba mkwe akauliza polepole, "Hiyo ni nini, kijana?" Nikasema kitu cha kwanza kilichokuja. "Ni ya mke wangu mkubwa, baba. Kwetu mkubwa hula kwanza." Uongo mtupu. Kwetu hakuna kitu kama hicho.

Kukhu hakungoja ruhusa. Aliichukua kwa vidole, akaitafuna taratibu kwa meno yake machache, macho ameyafumba. Alipomeza, baba mkwe aliinamisha kichwa, kisha akasema kwamba binti yake amepata mtu mwenye adabu. Wakanipigia makofi. Mchumba wangu alikuwa anafuta machozi. Nilinywa maji, nikaomba sakafu ipasuke.

Tulipoaga, kukhu alinivuta nje kidogo. "Mume wangu," akasema, "kuku nimewanyonyoanga na kuwapika tangu nikiwa msichana. Nilikuwa naonja mchuzi kwa kidole, najificha kama mwizi. Leo nimepewa mbele ya watu." Hakuachilia mkono wangu. "Wewe ulijuaje?"

Pua yangu inapona sasa. Juzi nilisikia kitunguu kikinukia kitunguu, nikasimama katikati ya ploti kama mjinga. Kila tukienda Bukura, firigisi huwekwa kwenye sahani yangu na watu wote hugeuka kutazama nikimpa kukhu. Nampa. Mke wangu husimulia hadithi ile hata kwa wageni, nami huangalia chini, na wao husema tazama, hapendi sifa.

Siku ile aliponiuliza nilijuaje, nilimjibu, "Nilihisi tu, kukhu." Nilikuwa nimempa kitu kilichoninukia vibaya kuliko vyote mezani.