Walikuja Kunitoa Pepo wa Falsafa

Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni. Manyunyu tangu alfajiri, yale yasiyolowesha nguo bali roho.

Nimeinamia cherehani yangu, nakunja upindo wa suruali ya mteja, mara mlango unasukumwa kwa kishindo.

Wakaingia wanawake watatu wa kikundi chetu cha maombi. Mmoja kashika chupa ya mafuta.

"Leo pepo huyu anatoka," akasema mwenyekiti wetu. Tunamwita Mama Ufunuo, maana hamalizi wiki bila kuoteshwa jambo.

Nikageuka nimtafute mwenye pepo.

Ndugu zangu, kumbe ni mimi!

Ngoja niwaeleze. Mimi ni mama mtu mzima, fundi wa kushona, na mtu wa sala. Shule niliiacha utotoni, sasa nimeirudia kwa madarasa ya jioni, na tumeanza falsafa. Mwalimu wetu ni kijana ambaye shati lake halijuani na pasi, lakini kichwa kipo.

Siku ya kwanza alitupa swali moja: umejuaje?

"Mtu akikwambia jambo, mwulize," alisema. "Ameliona? Amelifikia kwa kufikiri? Au ameambiwa? Kama ameambiwa, aliyemwambia naye alijuaje? Fuata hivyo hivyo mpaka kwenye shina."

Nikaitikia, "Amina." Darasa zima likaangua kicheko.

Sasa, binti yangu alikuwa amechumbiwa na fundi wa majokofu. Kijana mpole, anakula na kuosha sahani yake. Wiki ile Mama Ufunuo akasimama katikati ya maombi akatangaza kwamba ameoteshwa: kijana ana mke na watoto mji mwingine. Kikundi kikapiga yowe. Vunja uchumba!

Nami nilikuwa tayari kuuvunja. Jumamosi hiyo kijana alikuwa anakuja kupokea jibu langu, na jibu lilikuwa hapana.

Ila nilimwuliza Mama Ufunuo kitu kimoja tu. "Umejuaje?"

Ndiyo sababu ya ile chupa.

"Toka, pepo wa vitabu!" Mafuta yakamwagika utosini.

"Taratibu mama, yasidondokee suruali ya mteja."

"Anajibu! Pepo anajibu!"

"Anayejibu ni fundi. Suruali ya watu hiyo!"

Katikati ya vurugu hizo binti yangu akatokea mlangoni, mchumba wake nyuma yake.

"Mama," akasema, "wanakukaanga?"

Nikafuta nyusi. Nikaona liwalo na liwe.

"Mama Ufunuo, kabla hujaota, kuna mtu alikwambia lolote kuhusu kijana huyu?"

"Ndoto ni ndoto."

"Kabla hujalala, mama."

Akababaika. "Basi, Mama Pacha alinidokeza. Nikalala na mzigo huo moyoni."

Mama Pacha, aliyeshika chupa, akaruka. "Msinitupie mimi! Nilipewa na Dada Machozi. Aliniambia tumwombee binti, mchumba ana mke."

Dada Machozi hulia hata kwenye matangazo. Leo macho makavu, amenikodolea.

"Mimi nilisikia kwa mzazi mwenyewe."

"Mzazi gani?"

"Wewe! Tumepiga magoti bega kwa bega, unanong'ona: Ee Mungu, kijana huyu asije akawa na mke mahali, na watoto wamejazana. Nikajua mama hanong'oni bure."

Nikakaa kitako.

Ilikuwa hofu yangu mwenyewe. Ilitoka kinywani mwangu, ikazunguka kwa watu, ikavaa joho la unabii, ikarudi kunibishia hodi. Nami nikaikaribisha kama mgeni mheshimiwa! Nilidhani nina mashahidi watatu. Kumbe sauti ni moja, na ni yangu.

"Mama zangu," kijana akasema polepole, "mbona hakuna aliyeniuliza mimi? Sina mke. Twendeni kwetu mkaulize majirani."

Mama Ufunuo akamkazia jicho. "Na hao majirani, watakuwa wamejuaje?"

"Haya!" Mama Pacha akaficha chupa. "Pepo kahamia kwa mwenyekiti!"

Tulicheka mpaka Dada Machozi akapata machozi yake. Kwa kijana twende, nikasema, wote, tukaone kwa macho. Mungu alitupa magoti ya kupigia na macho ya kutazamia, na kimoja hakifanyi kazi ya kingine.

Binti yangu peke yake hakucheka.

"Mlitaka kunivunjia ndoa kwa mnong'ono wako mwenyewe, mama. Kesho ukisikia jingine?"

Nikasimama, mafuta yakinichuruzika shingoni, nikasema mbele yao wote:

"Naahidi. Hofu yangu nitamwambia Mungu kimoyomoyo. Mwenye jambo nitamwuliza kwa sauti."